MANOWARI HUISHI KWA PWANI

Katika miaka hii ya karibuni habari za manowari zimerudi tena katika mabaraza yetu. Zilianza tarehe 19 Novemba 2023, pale Wahouthi wa Yemen walipoiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Sham. Baada ya hapo meli nyingi za biashara zilishambuliwa kwa makombora, baadhi yake zikazama, na mabaharia wasiokuwa na ugomvi na mtu wakapoteza maisha yao. Mataifa makubwa yakapeleka manowari. Makampuni ya meli yakaona afadhali kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa siku kumi na zaidi. Mapato ya Misri kutokana na Mfereji wa Suez katika mwaka 2024 hayakufikia hata nusu ya yale ya mwaka uliotangulia.

Sisi wa visiwani hatuwezi kuzisikiliza habari hizi kama hadithi za nchi za mbali. Mchele wetu huja kwa bahari. Unga wa ngano, saruji, mafuta na dawa huja kwa bahari, na karafuu yetu huondoka kwa bahari hiyo hiyo. Mtu wa bara akifungiwa njia moja hutafuta nyingine. Wa kisiwani njia yake ni moja tu. Ndiyo maana si ajabu kwamba mjadala umezuka miongoni mwa wananchi, na hata miongoni mwa watumishi wa Serikali, juu ya nani ailinde bahari hii na kwa chombo gani.

Wapo wanaosema kwamba tuongeze meli zetu za doria, tena kubwa, ili heshima yetu ionekane. Wapo wanaosema kwamba kazi hiyo tuwaachie wenye nguvu, sisi tuwafungulie bandari tu. Na wapo wanaosema kwamba vita vya wakubwa havituhusu, basi tukae kimya. Gazeti hili linaona kwamba kabla ya kuchagua moja katika hayo matatu, ni busara kujiuliza swali jepesi ambalo mara nyingi husahauliwa: manowari huishi kwa nini? Jibu lake hatuhitaji kulifuata Ulaya wala Marekani. Limeandikwa katika maji yetu wenyewe, kati ya Unguja, Mafia na midomo ya Rufiji, katika mwaka mmoja wa manowari moja.

Mwaka wa bomba tatu

Mwanzoni mwa Juni 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na mabaharia zaidi ya 300, na mwendo wake uliizidi meli yoyote ya kivita ya Waingereza iliyokuwa karibu. Wenyeji waliokwenda kuitazama waliipa jina la manowari na bomba tatu. Kwa mtawala wa kikoloni lengo lilikuwa hilo hasa: watu waone, wastaajabu, na watii.

Tarehe 31 Julai ilitoka bandarini, ikaziponyoka manowari tatu za Kiingereza zilizokuwa zikiivizia, na tarehe 6 Agosti ikaiteka meli ya biashara ya Kiingereza iitwayo City of Winchester karibu na pwani ya Omani. Lakini msomaji aangalie ni kitu gani kilichofuata. Badala ya kwenda kuwinda meli nyingine, manowari ile ilianza kutafuta makaa ya mawe. Waingereza walikuwa wameyanunua makaa katika bandari za Wareno ili yasiwafikie Wajerumani. Dar es Salaam nayo ilikuwa haiingiliki tena, kwani wakuu wa pale, baada ya mji kupigwa mizinga tarehe 8 Agosti, walikwisha kulizamisha gati lao lielealo katika mlango wa bandari. Chombo chenye mwendo wa kasi kuliko vyote katika bahari hii kikawa kinahesabu makaa yake kama maskini anavyohesabu punje za mtama. Mwanzoni mwa Septemba kikajificha katika mikoko ya Rufiji, kikisubiri kuletewa makaa kidogo kidogo.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 watu wa Mji Mkongwe waliamshwa na ngurumo ya mizinga. Königsberg ilikuwa imeikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kumfikia adui. Katika muda usiotimia saa moja mambo yakawa yamekwisha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na siku hiyo hiyo meli ikazama. Maiti wao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, na yeyote apitaye na mashua mbele ya mji wa Unguja hupita karibu nao.

Hapo tena msomaji aangalie. Pegasus ilikufa kwa sababu ilikuwa katika matengenezo. Na Königsberg, iliyoshinda bila ya kuguswa na risasi yenye madhara, haikufika mbali: mtambo wake ulivunjika njiani, ikalazimika kurudi Rufiji. Palikuwa hapana karakana ya kufanyia kazi hiyo isipokuwa Dar es Salaam. Basi sehemu za mtambo zikafunguliwa, zikaburutwa na kubebwa na mamia ya wapagazi kupitia matope na misitu hadi mjini, zikatengenezwa, zikarudishwa kwa njia ile ile.

Kabla haijapata nafasi ya kutoka, tarehe 30 Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliziona nguzo zake juu ya miti. Tokea siku hiyo haikuiona tena bahari kuu. Waingereza walizamisha meli kuukuu katika mlango wa Suninga ili kuuziba. Januari 1915 waliiteka Mafia, wakaifanya kituo chao cha ndege na cha meli. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark na iliyobeba makaa kwa ajili ya Königsberg, ilifukuzwa hadi ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, na makaa yake hayakufika Rufiji. Ndani ya mikoko malaria iliwaangusha mabaharia mmoja baada ya mwingine, na wengine wakahamishiwa vita vya nchi kavu.

Mwisho wake unajulikana. Manowari kubwa hazikuweza kuingia katika maji mafupi ya mto, ikabidi ziletwe meli mbili za chini, Severn na Mersey, ambazo hapo mwanzo ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915, zikashindwa. Zikarudi tarehe 11 Julai, ndege ikiwaonyesha wapigaji mizinga mahali risasi zao zinapoangukia. Mchana huo Kamanda Max Looff, akiwa yeye mwenyewe amejeruhiwa, aliamuru manowari yake ilipuliwe isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Hesabu ya siku

Sasa tuihesabu miezi kumi na mitatu ile, tangu Juni 1914 hadi Julai 1915. Siku za mapigano makubwa zilikuwa tatu tu: ile ya Unguja na zile mbili za Rufiji. Siku nyingine zote, zaidi ya mia tatu na themanini, zilikuwa siku za makaa, za maji ya kunywa, za chakula, za dawa, za vyuma vilivyovunjika, na za kusubiri. Hayo yote hayatoki baharini. Hutoka pwani. Manowari ni kama mgeni mwenye jambia: hata awe shujaa kiasi gani, chakula chake hupikwa katika jiko la mwenyeji.

Na mwenyeji huyo alikuwa nani? Hakuwa Mjerumani wala Mwingereza. Alikuwa mkulima wa Rufiji aliyetolewa shambani kwake kwenda kuburuta vyuma ambavyo hakujua kazi yake. Alikuwa mvuvi wa delta ambaye milango ya mto wake iligeuzwa kuwa uwanja wa vita kwa miezi minane. Alikuwa mtu wa Mafia aliyelala chini ya bendera moja akaamka chini ya nyingine bila ya kuulizwa neno. Hata baada ya manowari kufa mzigo haukwisha. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikaundiwa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, ikakokotwa nchi nzima katika vita ya jemadari von Lettow-Vorbeck. Mmoja wao hivi leo umo katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mabega yaliyoikokota mizinga hiyo hayakuwekwa katika jumba lolote la makumbusho. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, na jina la kikosi kile ndilo lililotuachia Kariakoo. Katika vita ile wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi kupita walioanguka kwa risasi.

Liko jambo jingine ambalo watumishi wa Serikali wanapaswa kulipima kwa makini. Waingereza walikuwa na manowari nyingi na ramani zilizochapwa London, lakini hawakujua mlango upi wa Rufiji una maji ya kutosha na kwa saa zipi za bamvua. Walimpeleka mwindaji mmoja wa Afrika Kusini, Pretorius, akapime kina na mikondo; naye hakuweza kitu bila ya wenyeji wa delta. Wajerumani nao hawakuingia humo kwa kubahatisha. Meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imekwisha kuichunguza mito hiyo kabla. Elimu ya maji, ambayo mvuvi huirithi kwa baba yake wala haandikiwi cheti, ilikuwa na thamani kuliko mzinga.

Zama zimebadilika, kanuni haikubadilika

Atatokea mtu atuambie kwamba hizo ni habari za makaa ya mawe, na sasa ni zama za nyuklia na ndege zisizo na rubani. Na tuyatazame ya Bahari ya Sham. Manowari ya Marekani ya kubebea ndege, Dwight D. Eisenhower, iliondoka kwao Oktoba 2023 ikarejea Julai 2024. Ni miezi tisa. Meli ile huendeshwa kwa nguvu za nyuklia na haina haja ya makaa. Lakini ndege zake hunywa mafuta, na maelfu ya watu wake hula kila siku. Manowari zilizoisindikiza zina mirusho ya makombora ambayo, ikishakuwa mitupu, kwa kawaida haijazwi katikati ya bahari; sharti meli iende bandarini penye kreni, gati na mafundi. Katika vita ambamo kombora lenye thamani ya mamilioni ya dola lilitumika kuiangusha ndege ndogo ya bei nafuu, safari hizo za kwenda kujaza zikawa ni sehemu ya vita yenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni ile ile ya mwaka 1914. Tofauti ni kwamba wakati ule pwani yetu haikuulizwa. Leo tuna dola yetu, tuna sheria zetu, na tuna haki ya kusema ndiyo au hapana. Na haki hiyo ina maana tu ikiwa anayeitumia anaelewa anachoombwa. Taifa kubwa likitaka manowari zake zipumzike katika bandari zetu, linaloombwa si heshima ya kupunga bendera. Linaloombwa ni ile sehemu ya vita ambayo huchukua siku mia tatu na themanini. Mwenye kutoa sehemu hiyo asijidanganye kwamba yu nje ya ugomvi. Mafia haikuwa na ugomvi na mtu mwaka 1915.

Hatusemi kwamba bandari zifungwe. Ubaharia una adabu zake, na meli yenye shida husaidiwa. Tunasema kwamba kila ziara ya manowari ya kigeni ijulikane ni ya siku ngapi, kwa kazi gani, kwa malipo gani na kwa masharti gani. Na kwamba wawakilishi wa wananchi wayajue hayo kabla ya meli kuonekana, wasiyasikie baada ya kuondoka.

Meli iliyotufia bandarini

Tukija katika hoja ya kuwa na meli zetu wenyewe, gazeti hili linaiunga mkono, na sababu zake si za kujifaharisha. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya abiria Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikafuata Skagit karibu na Chumbe. Mamia ya ndugu zetu walipotea. Nyumba zilizopoteza watu siku zile hazihitaji kuelezwa faida ya chombo cha Serikali kilicho tayari, chenye mafuta, chenye watu waliofunzwa, na kinachoweza kuondoka gatini mara tu simu inapolia. Kwa kisiwa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya doria. Kuwakamata wezi wa samaki na wafanya magendo ni ya pili. Kupiga mizinga ni ya mwisho kabisa, na tunaomba isifike.

Lakini tukumbuke pia kisa cha Tawariq 1. Machi 2009 meli hiyo ya kigeni ilikamatwa katika eneo letu la bahari kuu ikiwa na shehena kubwa ya samaki. Taifa zima lilifurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini meli iliyoikamata, Sarah Baartman, ilikuwa ya Afrika Kusini, maofisa wetu wakiwa ndani yake pamoja na wenzao wa nchi jirani. Bahari ilikuwa yetu, mwizi alikuwa wetu, mbwa wa ulinzi alikuwa wa kuazima. Kisha kesi ikachukua miaka. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo. Na meli yenyewe, iliyokuwa mali yenye thamani siku ilipokamatwa, ilichakaa katika bandari ya Dar es Salaam hata ikaishia kuwa vyuma chakavu.

Kisa hicho kinafundisha somo lile lile la Rufiji. Baharini tulishinda, tulishindwa pwani. Tulishindwa katika gati la kuitunzia meli, katika mafundi wa kuilinda isioze, na katika taratibu za kisheria za kuifikisha kesi mwisho wake bila ya dosari. Ikiwa hatukuweza kuitunza meli moja iliyotia nanga mbele ya macho yetu, basi kununua meli kumi bila ya kurekebisha kasoro hiyo ni kujinunulia vyuma chakavu kumi.

Tunayoyataka

Kwa hiyo, pamoja na kuipongeza Serikali kwa nia yake ya kuiimarisha doria, tunaikumbusha mambo manne.

La kwanza, karakana itangulie meli. Kila fedha inayotengwa kununua chombo iambatane na fedha ya vipuri, mafuta na matengenezo ya miaka yote ya uhai wa chombo hicho, na fungu hilo lisiguswe kwa safari na semina. Meli isiyo na mafuta haina tofauti na picha iliyotundikwa ukutani.

La pili, mafundi wawe wetu. Kijana wa Pemba au wa Mafia anayejua kufungua mtambo wa dizeli na kuurudisha ni mlinzi wa nchi sawasawa na askari mwenye bunduki. Vyuo vyetu vimpe elimu hiyo, na kikimpa, Serikali impe kazi, asije akaenda kuzitumikia meli za wengine kwa kukosa ya kwao.

La tatu, mvuvi afanywe mshirika. Yeye yuko baharini usiku na mchana bila ya kulipwa posho ya doria. Huiona meli ngeni kabla ya ofisa yeyote. Lakini mvuvi anayesimamishwa na boti ya Serikali akanyang'anywa samaki wa kitoweo, au akatukanwa mbele ya mwanawe, hatakwenda kesho kutoa habari kwa waliomfanyia hivyo. Mwaka 1915 wageni waliihitaji elimu ya wenyeji wakaichukua kwa hila na nguvu. Serikali ya wananchi haina haja ya hila. Inahitaji heshima tu.

La nne, hesabu ziwe wazi. Kila mwisho wa mwaka wananchi waelezwe kila chombo cha doria kilikuwa baharini siku ngapi, kilikuwa katika matengenezo siku ngapi, na kiliokoa watu wangapi. Siku za baharini ndizo kipimo cha haki. Sherehe ya kuzindua meli huchukua asubuhi moja, na kupaka rangi kila mtu anaweza.

Waliokwenda kuitazama manowari ya bomba tatu mwaka 1914 waliziona bomba na mizinga, kwani hayo ndiyo waliyoonyeshwa. Hawakuonyeshwa shimo la makaa, wala hawakuambiwa ni nani atakayelijaza. Mwaka mmoja baadaye walikwisha kulijua jibu kwa mabega yao. Sisi tumerithi jibu hilo bila ya kuumia. Wahenga wamesema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Lakini sisi tumekwisha kuambiwa, na walioambiwa hawana udhuru.